Kuuliza Si Kukosa Imani: Somo kwa Kijana Anayetaka Kuishi kwa Muziki

Maandiko ya kusoma: Hesabu 13:17-20, Nehemia 13:10-11, Mithali 19:2, Luka 14:28-30

 

Mwezi huu tunafundisha juu ya jambo linalosumbua nyumba zetu nyingi. Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana wetu mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwenda. Akatuambia: "Baba Mchungaji, Mungu ameniita niwe mwanamuziki. Nataka kuacha shule." Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kumaliza sekondari. Alikuwa amekwisha kupatana na studio kwa nyimbo tatu na video moja. Tulipomwuliza pesa zitatoka wapi, alitazama chini. Pesa zingetoka katika cherehani ya mama yake.

Kesho yake mama mwenyewe akaja. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza: "Baba Mchungaji, nikikataa kuiuza, nitakuwa nimezuia kazi ya Mungu?"

Ndugu, cherehani hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na unga wa watoto watano. Mtu akikimbia vita na kuacha shamba, ng'ombe na nyumba, chombo kimoja kinachobaki ndicho uhai wa familia. Kwa hiyo hatukumjibu yule mama haraka. Tulimwomba atupe majuma mawili, na kijana tukampa kazi ya kufanya. Kazi hiyo ndiyo somo letu la leo.

KISA CHETU WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, imetupasa tuungame. Mwaka 2001 tulikuwa vijana wa kwaya kule Uvira. Watu walitusifu sana. Kila tulipoimba, mama zetu walipiga vigelegele, nasi tukaamini kwamba vigelegele ni soko. Tukachanga pesa, familia tatu zikauza mbuzi, tukavuka kuja hapa Bujumbura kurekodi kaseti ya nyimbo nane.

Hatukuuliza lolote. Hatukuuliza kama bei ni ya kurekodi tu au ni pamoja na kaseti zenyewe. Hatukuuliza mkanda wa asili utabaki kwa nani. Hatukuuliza nani atauza, wapi, na kwa bei gani. Hatukuandika hata karatasi moja. Tulirudi nyumbani na kaseti mia moja. Tuliuza thelathini na saba, nyingi zikinunuliwa na shangazi na wajomba. Nyingine tuligawa bure. Miezi michache baadaye tulisikia nyimbo zetu zikipigwa sokoni, katika kaseti ambazo hatukuzitengeneza sisi, na mbuzi hawakurudi.

Hatusemi kwamba mtu fulani alitudhulumu. Pengine ndivyo, pengine sivyo. Hatuwezi kujua, kwa sababu hatukuwa na mapatano ya kuvunjwa. Kosa letu lilikuwa kuita haraka yetu imani. Mithali 19:2 inatuonya kwamba nafsi isiyo na maarifa haifai, na kwamba mwenye kuharakisha miguu hujikwaa. Tulikuwa tumeukariri mstari huo katika shule ya Jumapili, lakini hatukuutenda.

MUSA ALITUMA WAPELELEZI

Wako watu wanaodhani kwamba mtu aliyeitwa na Mungu hapaswi kuuliza maswali. Tusome Hesabu 13. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi nchi ya Kanaani. Ahadi ilikuwepo. Hata hivyo, kwa agizo lake Mungu mwenyewe, Musa alituma watu kumi na wawili wakaipeleleze, na akawapa maswali yaliyo wazi. Nchi ni njema au mbaya? Watu wake ni wachache au wengi? Wanakaa katika makambi au katika ngome? Udongo una rutuba au hauna? Kisha akawaambia walete matunda ya nchi. Walizunguka siku arobaini.

Angalieni jambo hili. Wale kumi hawakukosea kwa kupeleleza. Walikosea waliporudi na kuwafanya watu wavunjike moyo. Yoshua na Kalebu waliona ngome zile zile na majitu yale yale, lakini walikuwa tayari kuingia. Basi kupeleleza hakumzuii mwenye wito. Humsaidia aingie akijua anakoingia. Naye Bwana Yesu, katika Luka 14, anatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka.

Kwa hiyo tulimpa kijana wetu daftari. Tukamwambia: "Usiuze kitu, usiache shule, usitie sahihi popote. Nenda kwa watu kumi na wawili, kwa idadi ya wapelelezi wa Musa. Wasiwe wote wenye majina. Watafute pia walioacha muziki, maana hao watakuambia mambo ambayo redio haisemi." Maswali aliyokwenda nayo ni haya.

SWALI LA KWANZA: MAISHA YA KILA SIKU YAKOJE?

Sisi humwona mwimbaji kwa dakika tano akiwa na kipaza sauti. Hatuoni saa nyingine za siku yake. Mwulize: Unaamka saa ngapi? Unafanya mazoezi mara ngapi kwa juma? Unarudi nyumbani saa ngapi usiku, na kwa usafiri gani? Vyombo unavyopiga ni vya nani?

Swali hilo la vyombo ni zito. Wazee wetu wa Maniema wanamkumbuka Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila mpaka nyimbo zake zikasikika Ulaya. Katika bendi nyingi za Dar es Salaam za miaka ile, vyombo vilikuwa mali ya tajiri au ya shirika, na mwanamuziki alikuwa mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Mwenye vyombo akikasirika, huna kazi, hata kama sauti ni yako. Remmy mwishoni mwa maisha yake aligeukia nyimbo za Injili, naye alifariki Desemba 2010.

SWALI LA PILI: INACHUKUA MUDA GANI?

Vijana wetu hupenda kumtaja Kidum. Ni haki yao, kwa maana Jean-Pierre Nimbona alizaliwa mwaka 1974 hapa hapa Kinama, katika mtaa wetu huu wa Bujumbura, si katika kambi ya Kinama iliyoko Muyinga. Alianza na ngoma angali mtoto. Vita vilipotufikia, alikimbilia Kenya mwaka 1995, akawa mkimbizi kama sisi. Kazi yake aliijenga Nairobi, na wimbo Yaramenje ulimtangaza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye aliimba pamoja na watu kama Lady Jaydee wa Tanzania na Juliana wa Uganda.

Nyimbo zake nyingi si za ibada, lakini safari yake ina fundisho. Hesabuni wenyewe: tangu mtoto mwenye fimbo za ngoma mpaka mtu mwenye jina, ni zaidi ya miaka kumi. Katikati yake kuna vita, ukimbizi na mji wa kigeni.

Mwingine ni Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, mwaka 1958. Alijifunza muziki darasani Kinshasa, na mwaka 1984 alifika Paris. Albamu yake ya kwanza yeye mwenyewe ilitoka mwaka 1993. Miaka tisa! Katika miaka hiyo alipiga gitaa nyuma ya wengine, akina Ray Lema na Manu Dibango. Kijana anayetaka jina baada ya video moja ajiulize kama yuko tayari kwa miaka tisa ya kusimama nyuma ya mtu mwingine.

Biblia nayo inasema vivyo hivyo. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25:7 tunasoma juu ya waimbaji 288 wa nyumba ya Bwana, na imeandikwa kwamba walifundishwa. Karama ilitoka kwa Mungu, ustadi ukatoka katika kujifunza.

SWALI LA TATU: PESA HUTOKA WAPI, NA HUENDA WAPI?

Hapa kijana achukue daftari, apige mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aandike yanayotoka: studio, mpiga kinanda, mwenye kamera, mavazi, usafiri, umeme, simu. Upande wa pili aandike yanayoingia: harusi, sherehe, mafundisho ya muziki, mauzo. Asiandike anayoyatumaini. Aandike yale ambayo watu kumi na wawili walimwambia kwamba walipokea kweli mwezi uliopita.

Wengi siku hizi husema: "Nitaweka wimbo kwenye intaneti, pesa itakuja." Tupeleleze na hapo pia. Ili YouTube ianze kukugawia pesa za matangazo katika video za kawaida, imeweka sharti la wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Saa 4,000 ni sawa na watu 60,000 kila mmoja akitazama wimbo wa dakika nne mpaka mwisho. Nayo Spotify, tangu mwaka 2024, haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Na hata ukifika hapo, huo ni mlango tu. Kijana mwenye wasikilizaji mia mbili, wote wa kanisa letu, bado yuko mbali nao.

Hatusemi haya kuwakatisha tamaa. Tunasema ili mama asiuze cherehani akidhani pesa itarudi kabla ya kodi ya mwezi ujao.

SWALI LA NNE: NGOME ZIKO WAPI?

Musa aliuliza juu ya ngome. Katika muziki, ngome ni karatasi: mapatano, haki na vibali.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo Mbube mwaka 1939. Alilipwa shilingi kumi, na haki za wimbo zikaenda kwa kampuni. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima ukatajirisha wengi, mpaka ukaingia katika filamu ya Lion King ya mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006 tu. Tazameni upande mwingine: Tanzania, mwaka 2016, mahakama ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe MwanaFA na AY zaidi ya shilingi bilioni mbili za Tanzania, kwa kutumia nyimbo zao kama milio ya simu bila ruhusa. Waliweza kusimama mahakamani kwa sababu wangeweza kuonyesha kwamba nyimbo ni zao.

Hapa Burundi iko sheria ya haki za watunzi ya tarehe 30 Desemba 2005, na ofisi inayoshughulika na jambo hili ni OBDA. Kongo, chama cha watunzi ni SOCODA, kilichoanzishwa mwaka 2011 baada ya ile SONECA ya zamani. Kijana aende aulize namna ya kuandikisha wimbo wake kabla hajautoa. Na anayepiga ngoma za asili ajue kwamba amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti ya kibali na malipo ya faranga 500,000 kwa maonyesho. Asianze kikundi kabla ya kuuliza.

Kwetu wakimbizi kuna ngome nyingine. Anakuja mtu, anasema atapeleka kwaya Nairobi au Ulaya, anataka karatasi zenu za ukimbizi na pesa ya kuanzia. Ndugu, msitoe karatasi hizo kwa mtu yeyote. Kabla ya safari yoyote nje ya nchi, ulizeni ONPRA au HCR kuhusu ruhusa na hati ya kusafiria. Nanyi wazazi wa mabinti, mtu akisema mkutano wa kazi utakuwa usiku, na binti aje peke yake, jibu ni hapana. Mtu mwenye kazi ya kweli hatakasirika mzazi akifuatana na mtoto wake.

SWALI LA TANO: TUNDA LIKO WAPI?

Wapelelezi walirudi na kichala cha zabibu begani. Kabla ya kuingia kwa miguu miwili, kijana alete tunda dogo. Aimbe katika harusi tatu kwa malipo, siyo kwa soda. Afundishe watoto wawili kinanda kwa ada ndogo. Arekodi wimbo mmoja kwa pesa aliyoipata kwa kuimba, siyo kwa pesa ya chakula. Tunda hilo, hata likiwa dogo, litamwambia kweli kuliko sifa za watu mia.

Wala asidhani kwamba kushika kazi nyingine ni kuukana wito. Paulo alishona mahema Korintho (Matendo 18:3), na hakuna anayesema kwamba hakuwa mtume.

NENO KWETU SISI KANISA

Sasa tugeukie upande wetu, kwa maana somo hili haliwahusu vijana peke yao. Someni Nehemia 13:10-11. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji wameondoka hekaluni, kila mmoja amekimbilia shambani kwake. Kwa nini? Kwa sababu hawakupewa posho yao. Je, Nehemia aliwakemea waimbaji kwamba wanapenda pesa? Hapana. Aliwakemea wakuu, akauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, kisha akawarudisha waimbaji mahali pao.

Neno hilo limetuchoma. Sisi tunawaita vijana hawa waimbe katika mikutano siku nne mfululizo, wanarudi nyumbani kwa miguu na njaa, na tunawaambia Mungu atawalipa. Halafu tunashangaa wanapokwenda kuimba penye bia. Kanisa la wakimbizi halina pesa nyingi, tunalijua hilo, lakini nauli tunaweza. Sahani ya wali na maharage tunaweza. Na anayealika kwaya katika harusi yake apatane nao bei mapema, kama anavyopatana na mpishi.

KIJANA ALIRUDI NA NINI?

Baada ya majuma mawili alirudi. Alikuwa amefika kwa watu tisa, siyo kumi na wawili. Wawili wanaishi kwa muziki peke yake. Wanne wana kazi nyingine na wanaimba Jumamosi. Watatu wameacha, na mmoja wao anauza mitumba. Huyo ndiye aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Alimwambia kwamba hajutii kuimba, anajutia kuuza kiwanja cha baba yake.

Kijana alitusomea daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na mama yake akiwapo. Hatukuhitaji kumwambia neno. Alisema mwenyewe: atamaliza shule, ataimba harusi za Jumamosi, na robo ya kila malipo ataiweka kwa mama kwa ajili ya wimbo wa kwanza. Hakusema kwamba ameacha wito. Alisema kwamba amejua bei yake.

Hatujui kama atakuwa Kidum mwingine. Hilo liko mikononi mwa Bwana. Lakini cherehani ya mama bado iko mlangoni, na tukipita asubuhi tunaisikia ikifanya kazi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika Hesabu 13, kwa nini Mungu aliruhusu nchi ipelelezwe ingawa alikwisha kuiahidi?

2. Ni kitu gani katika nyumba yetu ambacho hakipaswi kuuzwa kwa ajili ya ndoto ya mtu mmoja? Tukubaliane juu yake pamoja, wazazi na watoto.

3. Kijana: taja watu watatu waliofanya kazi unayoitamani, mmoja wao awe aliyeiacha. Utawaendea lini?

4. Mzazi: je, umewahi kusema "hapana" kwa mtoto wako bila kumsikiliza? Au "ndiyo" kwa hofu tu?

5. Sisi kama kanisa, tunawatendeaje waimbaji wetu, tukipimwa na Nehemia 13?

TUOMBE

Baba wa mbinguni, wewe ndiwe uliyewapa watoto wetu sauti. Hatukuwaacha nyuma tulipokimbia, nazo sauti zao hazikubaki ng'ambo ya mto. Wape na akili ya kuuliza, na subira ya kujifunza. Uwalinde na watu wenye midomo mitamu. Utupe sisi wazazi masikio ya kusikiliza, na utupe sisi viongozi mkono ulio wazi. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni sisi mtumishi wenu katika Bwana,
Mchungaji, Kinama